Laini ya Kakuta

Kila asubuhi Kakuta alikuwa akikaribishwa Tanzania. Usiku aliizima simu ili betri isimwishie, maana umeme wake wote ulitoka kwenye kisahani kimoja cha sola kilichofungwa juu ya nyumba ya mkewe. Akiiwasha alfajiri tu, ujumbe unaingia: Karibu Tanzania. Chini yake bei za kupiga, bei za kupokea, tunakutakia safari njema. Tulicheka sana. "Kakuta, umefika lini?" tulimuuliza akipita na ng'ombe. "Leo," anajibu, naye anacheka. Mtu aliyezaliwa hatua mia tatu kutoka ilipo ofisi yangu.

Ofisi ni yangu mimi, Mhina, mtendaji wa kijiji. Kijiji chenyewe ni mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kwedizinga, wilayani Handeni, na jina lake silitaji kwa sababu waliohusika wanajijua. Nina miaka kumi na moja hapa. Naandika vizazi na vifo, naamua kesi za mbuzi walioingia kwenye mahindi, na naandika barua za utambulisho. Hizo barua ndizo zinazofanya watu wanisalimie kwa heshima. Bila barua yangu hupati kitambulisho cha taifa, na bila kitambulisho husajili hata laini ya simu. Nayasema haya mapema ili usije ukanionea huruma mbele ya safari.

Kakuta aliifuatilia barua hiyo miaka miwili. Alikuwa Nairobi miaka minne, akilinda geti la nyumba ya tajiri fulani, na aliporudi alikuta mambo ya vitambulisho yameanza na yeye hayumo kwenye orodha yoyote. Hakuwahi kusoma shule, kadi ya mpiga kura hana. Laini yake ya Kitanzania ilizimwa siku zilipozimwa laini zote zisizosajiliwa kwa alama za vidole. Ndipo akaitoa mfukoni ile aliyokuwa akiitumia Nairobi, iliyosajiliwa kwa jina la shemeji yake, Nkoitiko wa Kajiado, akaichomeka, ikashika. Basi akabaki nayo. Kila akija ofisini kuulizia barua namwambia njoo kesho.

Sikuwa na sababu ya kumzungusha. Nimejitafutia sababu baadaye, sikuipata. Ukweli ni kwamba mtu mrefu vile akisimama mlangoni na fimbo yake anangoja, mwenye ofisi anajiona mkubwa. Nilipenda. Aliondoka kila mara akisema sawa, mtendaji, na kesho yake au wiki ya pili yake anarudi.

Kuna jambo moja zaidi lazima ulijue, nalo ni lambo. Boma la Kakuta liko kwenye mwinuko juu ya lambo la maji, na lambo hilo linaitwa Lambo la Kaika. Kaika alikuwa baba yake Kakuta. Yeye ndiye aliyeanza kulichimba, kwa majembe na punda wawili, kabla katapila la serikali halijaja kulipanua. Alikufa miaka tisa iliyopita, na kifo chake nilikiandika kwa mkono wangu. Jina lake kila mtu analo mdomoni. Wanawake wanasema nakwenda Kaika kufua, wenye baiskeli wanasema nimekwama kwenye matope pale Kaika. Kila mtu analisema, isipokuwa Kakuta. Kwao Wamasai, mzazi akishafariki mwanawe halitaji jina lake, kwa sababu kulitaja ni kumwita, na aliyelala akiitwa haji na jema. Kakuta alisema tu "kule majini". Mkewe Naitoi, kwa kuwa ni mkwe, ndiyo kabisa. Nililijua hilo. Nataka ieleweke kwamba nililijua.

Sasa ikaja wiki ya uchaguzi ule ambao mitandao ilifungwa. Sisi wa huku hatukujua imekuwaje. Siku moja tu picha hazifunguki, ujumbe hauendi, kila mtu anapiga simu yake kwenye paja akidhani imeharibika. Mimi nisingejali, nina redio. Lakini Mwaija akapiga.

Mwaija ni binti yangu wa pekee, na anasoma udaktari Uchina. Alipiga simu ya kawaida, ile ya gharama, anaongea haraka haraka.

"Shikamoo baba. Ile fomu umetuma?"

"Marahaba mwanangu. Fomu ipi?"

"Baba! Fomu ya mzazi. Nilikutumia wiki mbili zilizopita. Ijumaa saa sita ya huku wanafunga. Isipofika wananiondoa kwenye ufadhili, narudi nyumbani mwaka wa nne."

Fomu ilikuwa mezani kwangu, chini ya faili la mbuzi. Ilitakiwa saini yangu na muhuri wa serikali ya kijiji, muhuri ambao uko kwenye droo yangu mwenyewe. Wiki mbili. Unaona kuwa sikumzungusha Kakuta peke yake, huo ndio ugonjwa wangu.

"Natuma leo," nikasema.

"Utatumaje na mmefungiwa? Mimi mwenyewe nimefungiwa huku. Huku WhatsApp haifunguki kwa laini zao, natumia ile laini yangu ya nyumbani. Sasa nyumbani mmefunga, na mimi huku imekufa. Baba, tafuta namna. Itume kwenye barua pepe ya chuo, sio kwangu. Tafadhali baba."

Salio likaisha, simu ikakatika. Niliigonga muhuri papo hapo, nikasaini, nikaifuta vumbi, kazi ya dakika moja.

Jumatano asubuhi nilipanda gari kwenda Korogwe, kwa Navnit. Ana duka la vifaa vya shule, na ndani ana mashine za kutoa kopi, za kuskani, kila kitu. Tunajuana siku nyingi kwa sababu karatasi zote za ofisi nanunua kwake.

"Karibu, mzee Mhina," akasema. "Kama ni mtandao, rudi nyumbani ukalale."

"Bosi Navnit, usinitanie leo. Ni habari ya mtoto."

Aliacha utani. Aliiskani fomu, akajaribu kuituma. Kiduara kinazunguka. Akajaribu VPN, zile programu za kupenya palipofungwa, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kiduara kile kile. Tulikaa pale saa mbili, watu wanaingia kununua madaftari, yeye anawahudumia na kurudi kwenye kompyuta. Mwisho akavua miwani.

"Hata mimi sijaongea na mwanangu Ruchi tangu juzi," akasema. "Sikiliza. Jana dereva wa lori kutoka Mombasa alisimama hapo nje. Simu yake inafungua kila kitu, anaangalia mpira! Nikamuuliza, akasema ana laini ya Kenya. Laini ya nje ikija kwetu inaazima mnara tu, mzee. Njia yake inarudi kwao kwanza, halafu ndiyo inatokea duniani kutokea kule. Huku hakuna wa kuifungia. Tafuta Mkenya."

"Mkenya nitampata wapi mimi?" nikafoka. Halafu nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeshampata.

Nilifika bomani kwa Kakuta jua likiwa bado kali. Nilikuta anamkamulia ndama dawa jichoni, amembana shingo kwa magoti. Sikuwahi kufika kwake kabla ya siku hiyo, miaka yote hiyo. Aliinuka, akajifuta mikono kwenye shuka.

"Shikamoo, mtendaji."

"Marahaba. Kakuta, nina shida."

Nilimweleza kila kitu, na sauti yangu haikuwa ile ya ofisini. Nadhani kuna mahali nilisema tafadhali. Naitoi aliniletea maziwa kwenye kikombe cha bati, nikayanywa bila kuyaonja. Kakuta alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Twende pale."

Pale ni kwenye kichuguu nyuma ya zizi, mahali pekee ambapo mnara wa Kwedizinga unaonekana. Tulipanda wote wawili, watu wazima na mvi zetu, tukasimama juu ya udongo wa mchwa. Akaniwashia hotspoti, mimi nikaungana. Nilipiga picha ile fomu nikiwa nimeilaza juu ya mgongo wake, yeye ameinama, maana hapakuwa na meza. Nikaiambatanisha. Nikabonyeza.

Ikaenda. Vilevile tu, ikaenda, na baada ya robo saa chuo kikajibu kuwa wamepokea.

Nililia. Sioni haya kusema, nilikaa juu ya kichuguu nikalia, na Kakuta alitazama pembeni kwenye ng'ombe wake mpaka nikamaliza. Hilo ndilo ambalo sikumsamehe. Angeweza kuniambia mapema, mtendaji, barua yangu kwanza ndiyo fomu yako. Ningeiandika pale pale kwenye goti. Hakusema. Aliniona nikiomba na nikilia, na hakuchukua chochote.

Nilipokuwa nashuka ndipo akauliza, kwa upole, "Na ile barua, mtendaji?"

"Kesho," nikasema.

Na kweli kesho yake niliiandika. Nataka nihesabiwe hilo, japo halinisaidii. Alhamisi asubuhi nilikaa nikaandika: Kakuta Kaika, mzaliwa wa kijiji hiki, mtoto wa marehemu Kaika aliyeanzisha lambo, ninamfahamu yeye na familia yake. Tarehe, saini, muhuri. Nikaiweka kwenye faili langu la kahawia nimngoje aje, kwa sababu sikutaka kumpelekea mwenyewe. Nilitaka asimame tena mlangoni.

Hakuja wiki ile. Alikuwa na wageni. Siri ya kichuguu ilivuja, sijui kwa nani, labda kwangu mwenyewe nikijisifu. Akaenda mwalimu wa hesabu, akaenda mama anayeuza mitumba anasubiri picha za mzigo kutoka Dar, akaenda hata mwenyekiti wetu wa kijiji, Dominiko, ambaye kwenye mikutano alikuwa akisema Wamasai warudi walikotoka. Kila bando likiisha Nkoitiko alimtumia jingine kutoka Kajiado. Watu walitaka kumlipa, akakataa. "Ni kama maji ya kule," alisema, akinyoosha fimbo kuelekea lamboni. "Nyie mnakunywa, na mimi nakunywa." Kitu alichodai ni kimoja tu, wasipite katikati ya ndama.

Uchaguzi ukaisha, mitandao ikafunguliwa. Baada yake ukaja uvumi. Ikasemwa kuna watu watatafutwa, wale waliopita njia za panya wakati kumefungwa, na mtumishi wa serikali akipatikana hana kazi. Kama ni kweli au si kweli mimi sijui mpaka leo, lakini niliacha kulala vizuri. Mwalimu wa hesabu alifuta kila kitu kwenye simu yake. Dominiko alinifuata ofisini akaninong'oneza kwamba yeye hakuwahi kupanda kichuguu chochote. Nikamwambia hata mimi.

Miezi miwili baada ya hapo ilikuja timu ya uhakiki wa uraia. Walikaa siku mbili Kwedizinga, siku ya tatu wakaja kwetu. Kila asiye na namba ya kitambulisho afike ofisini, atoe maelezo, wenyeji wamtambue. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mwenye sauti ndogo sana, mpaka lazima uiname kumsikia, na alituita wote "mpendwa". Walipewa meza yangu. Mimi nikakaa pembeni kwenye kigoda, faili la kahawia mapajani. Dominiko alikaa kwenye benchi na wazee watatu. Wamasai wengine wa kijiji walikuwa wameshahamisha ng'ombe kuelekea mto Pangani kufuata majani. Kakuta hakuhama, alisema anangoja namba yake.

Aliingia amevaa shuka mpya. Naitoi alisimama nje, dirishani.

"Jina lako, mpendwa?" mama akauliza.

"Kakuta."

"Kakuta nani?"

Kakuta akatazama chini.

"Una kitambulisho chochote? Una simu?"

Akatoa simu. Ilikuwa imezimwa, maana ndivyo alivyoitunza. Mama akaiwasha, akaiweka mezani katikati yetu. Wote tukaitazama. Ikalia. Mama akaisogeza machoni, akasoma kwa ile sauti yake ndogo, neno moja moja: "Karibu Tanzania."

Mmoja wa vijana wake alicheka. Dominiko naye akacheka, tena kwa nguvu.

"Simu yako inakukaribisha, mpendwa. Simu yangu mimi hainikaribishi. Laini hii ni ya wapi?"

"Ya Kenya."

"Imesajiliwa kwa jina la nani?"

"La shemeji yangu. Nkoitiko. Yuko Kajiado."

Mama aliandika. Aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri. Halafu akainua kichwa, hakumtazama Kakuta, alitutazama sisi.

"Nimesikia wiki ya uchaguzi kulikuwa na kichuguu hapa," akasema. "Watu wanapanda, wanashuka. Nimesikia mpaka watumishi. Nani walikuwa wakitumia laini hii?"

Wazee wakawa wanatazama vidole vyao vya miguu. Mwaija wangu alikuwa amebakiza miaka miwili, na anayemtumia hela ya kula ni mimi. Niliona mshahara, nyumba, mtoto, vyote vimesimama juu ya kile kichuguu. Kakuta akageuka akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama alivyoutazama uso wa yule ndama.

"Ni mimi peke yangu," akasema.

"Peke yako?"

"Peke yangu. Hawa hawajui simu."

Nilipumua. Ningekuwa mtu, ningesimama pale. Nilipumua tu, na nikamchukia zaidi, kwa sababu hiyo ilikuwa mara ya pili ananipa kitu bila kuomba.

"Sawa," mama akasema. "Basi turudi kwako. Baba yako anaitwa nani?"

Kakuta akatazama dirishani.

"Mpendwa, baba yako ana jina?"

"Ana jina. Alishakufa."

"Lipi?"

Kakuta alifungua mdomo, akaufunga. Alihamisha fimbo kutoka mkono huu kwenda huu. Nje, Naitoi alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

"Mtu asiyejua jina la baba yake," yule kijana akasema.

"Analijua," Kakuta akasema. "Kila mtu hapa analijua. Baba ndiye aliyechimba yale maji. Maji yanaitwa kwa jina lake. Muulize mtendaji, mama. Muulize tu, lambo lile linaitwaje."

Mama akanigeukia. "Mtendaji. Lambo linaitwaje?"

Barua ilikuwa mapajani kwangu. Nilikuwa na haja ya neno moja, neno ambalo hata mtoto anayetumwa maji analisema mara kumi kwa siku. Lakini nilifikiri hivi, na nilifikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri maishani: akiwa mwenyeji, mama atauliza mbona mwenyeji wako hana barua miaka miwili, na laini hii uliijua tangu lini, na wiki ile ulikuwa wapi. Maswali yataendelea mpaka yafike kwangu. Akiwa mgeni, yanaishia kwake.

"Linaitwa Lambo la Kijiji, mheshimiwa," nikasema.

Hakuna aliyenisahihisha. Dominiko aliitikia kwa kichwa. Mzee mmoja alikohoa, nikadhani atasema, lakini kilikuwa kikohozi tu.

Kakuta hakupiga kelele. Alinitazama muda mrefu kidogo, halafu akasema kwa Kimasai kitu ambacho sikukielewa, akiwa ameelekea dirishani, na Naitoi akaanza kulia. Walimpandisha kwenye pikapu pamoja na watu wengine wawili waliotoka nao Kwedizinga, akapelekwa mpakani. Simu walimrudishia, kwa kuwa ni mali yake.

Ng'ombe wake, arobaini na mmoja, waliandikwa mifugo ya kigeni. Mimi ndiye niliyewasindikiza mnadani Korogwe, kwa sababu lazima awepo mtu wa kijiji. Niliwajua baadhi kwa sura. Yule ndama wa jicho alikuwa amepona. Nilipomaliza kusaini nikapita kwa Navnit kununua karatasi.

"Mzee Mhina!" akaniita toka ndani. "Fomu ya binti ilifika? Ulimpata Mkenya?"

"Nilimpata," nikasema.

"Mungu mkubwa," Navnit akasema, akanipunguzia bei.

Naitoi alikuja ofisini siku ya kuondoka. Alikuwa anawafuata watoto, alishawatanguliza kwa kaka yake Nkoitiko huko Kajiado. Alisimama mlangoni alipokuwa akisimama mumewe, hakunisalimia.

"Mtendaji," akasema. "Lile lambo linaitwaje?"

Nilijifanya natafuta kitu kwenye droo. Alingoja. Naye jina lile halitaji, kwa hiyo swali lilikuwa langu peke yangu na jibu langu peke yangu. Nilifungua droo, nikafunga, nikafungua tena, na nilipoinua macho hakuwepo.

Mwezi uliofuata nilipeleka ajenda kwenye mkutano wa kijiji. Nilisema majina ya watu kwenye mali za umma yanaleta mkanganyiko, tuliite rasmi Lambo la Kijiji. Dominiko aliunga mkono. Nikaandika kwenye muhtasari, nikagonga muhuri, na uongo wangu ukawa kweli ya serikali, tarehe tu ndizo zilizopishana. Watu wanaendelea kusema nakwenda Kaika. Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha.

Mwaija alifaulu mwaka wa nne. Alipiga kwa video, laini yake inapita vizuri siku hizi, anang'aa, amevaa koti jeupe. "Baba, yule Mmasai wa laini ya Kenya umempa asante yangu? Nimemnunulia tochi ile ya kichwani, nitakuja nayo." Nikamwambia nimempa. Akasema mwambie ni ya kuangalizia ng'ombe usiku. Nikasema nitamwambia.

Wiki iliyopita, Jumapili, natoka kanisani, ukaingia ujumbe wa sauti wa WhatsApp kutoka namba ya Kenya. Nilijua ni nani kabla sijabonyeza. Niliusikiliza nimesimama nyuma ya choo cha kanisa.

"Shikamoo, mtendaji," sauti yake ilisema. Kuna upepo nyuma yake, na mbuzi. "Mimi Kakuta. Niko Kajiado, kwa shemeji. Huku nao wameniuliza karatasi, nikawaambia mimi ni wa Handeni. Simu huku nikiiwasha asubuhi inakaa kimya, hainikaribishi. Mtendaji, nimefikiri sana. Nimeongea na wazee wa huku, wamesema ni vibaya, lakini nimeamua." Hapo nikasikia mbuzi tu. Halafu akalisema. "Baba yangu ni Kaika. Kaika. Nimeshalisema, umelisikia. Sasa andika barua, mtendaji, ili nirudi."

Nilirudi ofisini, siku ya Jumapili, nikatoa faili la kahawia. Barua ipo. Haina kosa hata moja. Jina lipo, muhuri upo, na tarehe ipo, Alhamisi ya wiki ya uchaguzi, miezi miwili kabla sijamjibu yule mama. Nikiituma barua hiyo inamrudisha Kakuta nyumbani na inanifukuza mimi kazi. Nikiandika nyingine yenye tarehe ya leo, nitaulizwa nimelijua lini jina ambalo sikulijua. Niliisoma mara mbili, nikairudisha kwenye faili, na faili nikalirudisha chini ya yale ya mbuzi.

Anajua nimesikia, maana zile alama mbili zimeshageuka buluu. Amelitoa jina la baba yake, ambalo hakulitoa hata mbele ya watu wenye pikapu, amelitoa kwangu, na mimi nimelikalia. Hajatukana wala hajatishia. Kila asubuhi, saa ile aliyokuwa akiwasha simu, anatuma neno moja tu: Shikamoo.

Nami namjibu kila asubuhi, Marahaba.